Kabla Jembe Halijashuka

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari, Muheza, mkoani Tanga

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi wangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kukaa kwenye jua hili: itifaki imezingatiwa. Assalamu aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko ilinitaka niwaeleze wanafunzi namna ya kupendezesha mazingira kwa maua. Nitafanya hivyo, ila nitaanzia mahali ambapo mgeni rasmi huwa hapelekwi. Mawe yaliyopakwa chokaa na maua yaliyopangwa mbele ya ofisi yanapendeza, na walioyapanda wamejitahidi. Lakini mimi ni mwalimu wa baiolojia niliyestaafu, na moyo wangu uko uani.

Uani kwetu Pwani ndiko maisha yaliko: jiko, kinu, kamba ya nguo, kuku, watoto. Ndiko bibi zetu walikopanda rehani na asumini, na mwenye bahati akawa na mlangilangi au kilua, ili kutunga vikuba na kutia harufu nguo na vitanda vya maharusi. Walijua kwamba asumini huchumwa alasiri ingali imefumba, ifunguke usiku ikiwa tayari kwenye uzi. Walijua kwamba rehani ukiikata kilele hutoa matawi. Hakuna aliyewapa cheti, wala hakuna aliyewaita wataalamu wa bustani, nami nasema hapa mbele yenu kwamba walikuwa wataalamu.

Ukivuka rehani na asumini ya bibi, unafika kwenye kile kipande ambacho hakuna aliyekipanda na bado kimeota. Kiko nyuma ya choo, ubavuni mwa banda la kuku, kando ya shimo la taka. Jumamosi mtoto anapewa fyekeo akisafishe. Nyumba yenye uwanja mweupe, alama za ufagio zikionekana, ndiyo tunayoisifu. Nami nimelelewa hivyo, na sikuja kuwasema akina mama kwa usafi wao. Nimekuja na ombi moja: kabla jembe halijashuka, tujue linaangusha nini.

Tukitazame kipande hicho masika yakiwa yamekolea. Kuna mlenda, umejiotea wenyewe. Kuna mnavu. Kuna mchunga, ambao mgeni kutoka bara huona ni majani machungu tu, na sisi tunauchemsha, tunamwaga maji, tunautia tui la nazi, na ugali unashuka wenyewe. Kuna kishonanguo, ambaye kila mwanafunzi aliyepita njia ya mkato amerudi naye kwenye soksi. Majani yake machanga pia ni mboga. Kuna kivumbasi, ndugu wa damu wa ile rehani ya bibi, ambaye wazee huchoma majani yake jioni kufukuza mbu. Ukisimama karibu naye saa tatu asubuhi, sikio lenyewe litakwambia kuwa nyuki wamefika.

Na kuna kongwa. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana mmea huu ninaupenda. Ni ule unaotambaa, wenye shina la majimaji na kiua cha buluu chenye petali mbili zinazoonekana vizuri. Ua lake hufunguka asubuhi, na mchana limekwisha kusinyaa. Mkulima anauchukia kwa sababu ukiukata vipande vipande, kila kipande kinaota. Lakini wangapi wamewahi kuufukua? Mwanafunzi atakayechimba taratibu kwenye mizizi ya kongwa atakuta vijitawi vyeupe vilivyozama ardhini, na kwenye vijitawi hivyo kuna maua. Maua chini ya udongo! Hayafunguki kabisa, hujichavusha yenyewe na kutoa mbegu hukohuko gizani. Kwa hiyo hata kama mbuzi atakula kila kilicho juu, na jua likaunguza yaliyobaki, mbegu ya mwaka ujao iko salama. Hili liko nyuma ya choo cha shule hii. Halihitaji basi la safari ya mafunzo wala darubini. Linahitaji mtoto mwenye kijiti na mwalimu mwenye subira.

Wazazi wangu, mkoa huu una historia na maua ambayo sidhani tunawasimulia watoto wetu ipasavyo. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Mjerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire, mtu aliyependa mimea. Alikuta ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya laini, limejishikiza kwenye nyufa za mawe yenye kivuli na unyevu. Alilipata kwenye misitu ya Usambara na pia karibu na mji wa Tanga penye mawe ya chokaa. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, aliyesimamia bustani za Herrenhausen kule Hannover, akalieleza kitaalamu na kulipa jina Saintpaulia ionantha. Leo ua hilo ni miongoni mwa maua ya ndani yanayojulikana zaidi duniani. Limepita kwenye madirisha ya Ulaya, Marekani na Japani, limezalishwa kwa maelfu ya aina, meupe, ya waridi, yenye petali zilizorudufiwa. Wamarekani wanaolipenda wana chama chao tangu mwaka 1946. Asili yake ni hapa kwetu, kwenye milima hii mnayoiona mkigeuza shingo, na kwenye milima jirani hadi Kenya.

Mwaka huohuo wa 1893, ua letu lilipokuwa linapewa jina Ujerumani, Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, alikuwa akipokea mzigo wa vichipukizi vya mkonge vilivyotoka Florida. Vilitumwa 1,000. Vilivyofika hai vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 yakaja mashamba yote ya mkonge mnayoyajua, toka Pangani hadi Korogwe na kwingineko. Wengi wetu hapa tuko Tanga kwa sababu babu zetu walikuja kama manamba kukata majani ya mmea huo.

Nayaweka mambo hayo mawili pamoja kwa makusudi. Ndani ya miaka miwili ua moja lilitoka na mmea mmoja ukaingia, na yote mawili yaliamuliwa na watu waliojua kutazama mimea. Mkonge umetulisha na umetuchosha, hesabu yake ni ndefu. Lile ua halikutupa chochote, na katika nyumba za mkoa wake mwenyewe ni nadra kulikuta. Ukifika Amani, hapo juu milimani Usambara, bado lipo msituni kando ya vijito. Ila linaishi kwa kivuli: miti ya juu ikikatwa, mwamba unakauka, ukoga wa mawe unakufa, na lenyewe linafuata. Inaniuma kwamba mtoto wa Muheza anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa amechora ua la jasi kwenye mtihani, na hili hajawahi kulisikia.

Sasa nije kwenye mambo ya tumboni, maana najua kuna wazazi wanaojiuliza maua yataleta nini mezani.

Mpapai. Nyumba nyingi zina mpapai dume, ule wenye maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, na baba mwenye nyumba anaukata kwa sababu hauzai. Akishaukata anashangaa mipapai jike inapukutisha maua. Mtaalamu wa wadudu kutoka Kenya, Dino Martins, alifuatilia jambo hili mashambani. Alionyesha kwamba wanaopeleka chavua kutoka dume kwenda jike ni nondo wakubwa warukao kwa kasi wakati wa magharibi, wenye ulimi mrefu wa kunyonya asali. Wengi wetu hatujawaona kwa sababu saa hiyo tuko ndani au msikitini. Na nondo hao, kabla hawajawa nondo, ni viwavi, na viwavi wao hula majani ya mimea ya porini, sio ya mpapai. Mnaona mnyororo ulivyo? Kichaka kikifyekwa chote, kiwavi hana chakula, nondo hazaliwi, na papai la kufungulia swaumu utalinunua sokoni. Ipo mipapai ya kisasa yenye maua ya jinsi zote mbili ambayo hujitosheleza, ila ile ya kienyeji, iliyoota yenyewe karibu na bomba, inamhitaji mgeni wake wa magharibi.

Maboga nayo. Kwenye mmea mmoja wa boga kuna ua dume, lenye kikonyo kirefu kitupu, na ua jike, lenye kiboga kidogo chini yake tangu siku ya kwanza. Yote hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Nyuki wana saa chache tu. Viboga vikigeuka manjano na kudondoka, jirani anasema shamba limetiwa kijicho. Mara nyingi hakuna kijicho, kuna dawa ya wadudu iliyopulizwa asubuhi wakati nyuki wako kazini. Kama ni lazima kupuliza, puliza jioni, maua yakiwa yamefunga. Na nyuki huyo lazima awe na cha kula wiki ambazo boga halijachanua. Hapo ndipo kivumbasi na kishonanguo wanapolipa kodi ya kukaa uani kwako. Wakulima wa iliki kule juu wanalijua hili, kwa kuwa iliki bila nyuki haishiki matunda.

Ninyi mlio na michungwa, ambao Muheza ni wengi, mnamfahamu yule kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege kwenye jani changa. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Huyo baadaye ni kipepeo mkubwa, mweusi na manjano, anayepita juu ya uwanja wa shule. Kwenye mche mdogo atakumalizia majani, mtoe kwa mkono. Kwenye mchungwa mkubwa mwachie, hali kiasi cha kukutia hasara.

Na msidhani kujua kiwavi gani anakula jani gani ni elimu ya burudani. Jirani zetu wa vijiji vya Amani waliifanya kazi. Kwenye mradi wa vipepeo wa Amani, wanakijiji walipanda kwenye vitalu mimea inayoliwa na viwavi, wakafuga viwavi, wakauza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akingoja kuwa kipepeo, kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kipepeo mmoja ana majani yake, mwingine ana yake, na asiyejua mmea hakupata pupa. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na wafugaji hao wakapoteza soko. Lakini ujuzi wao haukufutwa na tangazo. Akina mama wale wanajua msitu kwa kiwango ambacho mimi, na shahada yangu, nakivulia kofia.

Nisieleweke kwamba kila kilichoota ni rafiki. Hapana, na ndiyo maana nasisitiza kujua. Kiduha ni ua zuri. Huku kwetu ni jekundu, kule Kanda ya Ziwa kuna lile la waridi iliyokoza. Mtoto anaweza kulichuma ampe mama yake. Nalo limeunganisha mizizi yake na mizizi ya mahindi chini kwa chini, linanyonya, na mahindi yanadumaa kabla hata kiduha chenyewe hakijachomoza. Mmea mmoja hutoa mbegu ndogo kama vumbi, maelfu kwa maelfu, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri mhindi upandwe. Hicho king'oeni kabla hakijatoa mbegu, bila huruma. Kuna njia iliyotengenezwa Kenya na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pamoja na wenzao wa Rothamsted wa Uingereza, iitwayo sukuma-vuta: unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, nayo inazuia kiduha na kuwafukuza viwavi wa bua, na pembeni ya shamba unapanda matete yanayowavuta. Bwana shamba anaweza kuwaeleza kwa kirefu. Mimi nalitaja kwa sababu ni mfano wa mmea kuzuiwa na mmea.

Gugu karoti nalo, lenye majani yanayofanana na ya karoti na maua madogo meupe, limekwisha kusambaa Arusha na Kilimanjaro. Linawasha ngozi, linaleta mafua na pumu kwa watu, linaharibu malisho. Ukiliona hapa, vaa glavu, ling'oe, na utoe taarifa. Lantana pia, ile iliyoletwa kwa ajili ya uzio na sasa ndege wameipeleka kila pori. Vipepeo wanaipenda, nakiri, ila ikishika mahali haimwachii mwingine nafasi.

Kuna mama mmoja ameniuliza kabla sijapanda hapa: mwalimu, na nyoka je? Swali hilo ni la haki, tena ni la kwanza kujibiwa. Nyoka anafuata panya na mahali pa kujificha. Panya anafuata mahindi yaliyomwagika na takataka za jikoni. Rundo la matofali, mabati ya zamani na kuni zilizokaa mwaka mzima ukutani ni hifadhi bora ya nyoka kuliko mlenda. Kwa hiyo siombi mwache majani yafike dirishani. Zungukeni nyumba kwa kufagia, njia ya kwenda chooni iwe wazi, mtoto atembee na taa usiku. Kipande ninachokiomba kiwe mpakani, mbali na mlango, na kiwe kidogo.

Mbu nao. Mbu mzima hupumzika kwenye majani, hilo ni kweli, lakini hazaliwi kwenye majani. Anazaliwa majini. Vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jiko, kopo la rangi, tairi la baiskeli, hapo ndipo wanapotoka wanaoleta homa ya dengi. Mtu anafyeka eka nzima na kuacha vifuu kumi vimejaa maji ya mvua. Geuzeni vifuu kwanza.

Nimewahi kusafiri hadi Kitulo, nyanda za juu kati ya Mbeya na Njombe, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, yenye kilomita za mraba zipatazo 412, na iliwekwa hasa kwa ajili ya maua, sio simba wala tembo. Zipo aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini. Mvua zikiwa zimekolea unakanyaga kwa tahadhari, maana kila hatua kuna rangi. Hata huko okidi hizo zinachimbwa. Viazi vyake huvushwa hadi Zambia, vinakosagwa pamoja na karanga kupika chikanda, chakula kinachopendwa sana. Simlaumu anayekula, ni chakula cha wazee wao. Lakini okidi ikichimbwa kiazi haina cha kuotea tena. Niliporudi kutoka huko nilikitazama kipande changu cha uani kwa macho mengine: hapa hakuna hifadhi itakayotangazwa, hakuna askari wa wanyamapori atakayelinda kongwa. Mlinzi ni yule mtoto mwenye fyekeo.

Basi ombi langu kwa shule. Nyuma ya maktaba, kati ya ukuta na uzio wa mkonge, kuna ukanda ambao mvua za vuli zikianza utaota. Msiufyeke hadi Januari. Kila darasa lipewe hatua chache, na kila mmea upate kijiti chenye jina: la Kiswahili, la Kisambaa au Kibondei, na la kisayansi mtakapolipata. Jina msilolijua nendeni kwa bibi, sio kwenye simu kwanza. Muulizeni unaliwa? Unatibu nini? Ng'ombe anaugusa? Andikeni anachosema hata kama hakiko kwenye kitabu. Andikeni pia nani anautembelea: nyuki, kipepeo, au chozi, yule ndege mdogo anayemetameta mwenye mdomo uliopinda, ambaye shubiri mwitu ikichanua hakosi. Kiduha na gugu karoti mking'oe, na muandike kuwa mmeking'oa.

Kwa wazazi, ukanda wa upana wa kanga moja kwenye mpaka wa kiwanja unatosha. Mpapai dume mmoja kwa majirani watatu unatosha. Kubalianeni nani auweke.

Nimeleta mbegu za mchunga, mlenda na kivumbasi, nilizozikausha kivulini. Zimefungwa kwenye vikaratasi, ziko kwa mwalimu wa zamu, mchukue bila malipo. Za kivumbasi msizifukie, nyunyizeni juu ya udongo uliolowa na kuzigandamiza kwa kiganja. Sasa Ndugu Mwenyekiti, naomba muda uliobaki uwe wa maswali, na tuanze na wanafunzi.